Sidiria ya Kunyonyeshea: Mkanda Ubebe, Kikombe Kisibane

Sidiria kuandikwa "ya kunyonyeshea" hakuhakikishi chochote. Zipo zenye lebo hiyo zinazolikaba titi pale pale mtoto anapotakiwa kushika, na zipo sidiria za kawaida, laini, zinazovutwa pembeni tu, ambazo mama anazivaa mpaka mtoto anaacha ziwa bila kulalamika. Mambo yanayoamua ni mawili. Mkanda unaozunguka mbavu ubebe uzito, na kikombe kisiligandamize titi mahali popote, saa yoyote, hata titi likiwa limejaa maziwa pomoni. Kibanio, kitambaa na rangi vinakuja baada ya hapo.

Hilo la "saa yoyote" ndilo linalowaponza wengi. Titi linalonyonyesha halina saizi moja. Asubuhi, mtoto akiwa amelala muda mrefu, limejaa na limekaza. Dakika ishirini baadaye, mtoto akishashiba, limelegea. Sidiria iliyopimwa titi likiwa tupu itakuwa nzuri dukani na adui alfajiri.

Kwa nini kubanwa ni jambo zito? Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia walichapisha walichokiona baada ya kuyatazama matiti ya kina mama wanaonyonyesha kwa ultrasaundi. Mirija mikuu ya maziwa ilikuwa na kipenyo cha takribani milimita 2, iko karibu sana na ngozi, na inabonyea kirahisi. Sasa fikiria mshono mgumu, au ncha ya waya, au ukingo wa kikombe kilichokuwa kidogo, umekaa juu ya mrija wa namna hiyo kwa saa nane. Maziwa ya eneo lile hayatoki vizuri. Yanabaki, eneo linavimba, uvimbe nao unazidi kuibana mirija iliyo jirani. Mama anagusa na kukuta bonge linalouma. Likiachwa, linaweza kufika kwenye homa na titi kuwa la moto. Hata lisipofika huko, maziwa yanayobaki ndani yanaliambia titi lipunguze kutengeneza, na mama anaanza kuhangaika kwamba maziwa yamepungua, asijue kuwa chanzo kiko mwilini mwake kimefungwa kwa kulabu tatu.

Sehemu mbili huonewa zaidi. Ya kwanza ni upande wa kwapa. Nyama ya titi haiishii pale duara linapoishia. Ina mkia unaopanda kuelekea kwapani, nao unatengeneza maziwa kama sehemu nyingine. Sidiria yenye ubavu mwembamba hukata hapo. Ya pili ni chini ya titi, hasa kwa wenye matiti makubwa, ambapo uzito wote unakalia mshono. Ukivua sidiria jioni, usiangalie tu, pitisha kidole. Alama nyepesi inayofutika ndani ya nusu saa haina neno, lastiki yoyote huiacha. Mfereji unaouhisi kwa kidole na unaouma ukiubonyeza ni taarifa kwamba sidiria hiyo ibadilishwe, si ivumiliwe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, ndiyo maana kidole ni bora kuliko kioo hapa. Na kabla hujailaumu sidiria, kumbuka mkanda wa mkoba unaopita kifuani na mbeleko iliyokazwa juu ya titi: vyote vinaweza kufanya kazi hiyo hiyo mbaya.

Wengine, wakishasikia hayo, huamua kutovaa kabisa. Kwa mwenye matiti madogo na asiyevuja sana, ni sawa, hakuna sheria. Lakini titi zito linaloning'inia bila kushikwa hukusanya majimaji sehemu ya chini na kuvimba zaidi, na shingo na mgongo navyo vinalipia. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji, unapendekeza sidiria yenye kushikilia vizuri kama sehemu ya kutunza titi lililovimba. Kushikilia si kubana. Titi linapaswa kuinuliwa kama mtu anavyolibeba kwa kiganja wazi.

Hofu ya kwamba kunyonyesha kunaangusha matiti nayo isikusukume kwenye sidiria ngumu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky uliochapishwa mwaka 2008 haukukuta kunyonyesha kuwa sababu. Vilivyohusishwa na kulegea ni umri, idadi ya mimba, uvutaji sigara na ukubwa wa titi kabla ya mimba.

Nunua mara mbili, si mara moja

Kosa la gharama kubwa ni kununua sidiria tano nzuri mwezi wa sita wa mimba. Mwezi wa sita mwili bado uko safarini. Mbavu zinaendelea kutanuka kuipisha mimba, na baada ya kujifungua zinarudi. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya pili na ya tano. Kabla yake ni dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, kidogo kwa kipimo. Siku hizo za kuingia kwa maziwa matiti hufura, na kwa wengine huwa magumu kiasi cha kushindwa kuinua mkono vizuri. Hali hutulia polepole, titi likijifunza mahitaji ya mtoto, na kwa wengi saizi ya kuaminika hupatikana kati ya wiki ya sita na ya nane.

Kwa hiyo, kuanzia wiki ya 36 ya mimba, nunua mbili au tatu tu, zile laini zisizo na waya wala sponji nene, zinazouzwa kwa S, M, L badala ya namba na herufi. Zinanyumbulika, na kwa wiki hizo kunyumbulika kuna thamani kuliko umbo. Ukiijaribu, kikombe kiwe na nafasi ya kuingiza kiganja kilichonyooka kati yake na titi. Nafasi hiyo itajazwa na maziwa. Mkanda ukae vizuri kwenye kulabu za nje kabisa, zile za kulegeza. Sidiria ya kunyonyeshea iliyoshonwa kwa akili ina safu nne mpaka sita za kulabu, si mbili au tatu kama za kawaida, na safu hizo ni kwa ajili ya mbavu zinazorudi. Ukianza kwenye safu ya ndani kabisa, hutakuwa na pa kukazia mwezi ujao. Kama mkanda wa sidiria uliyo nayo umeshakuwa mfupi lakini vikombe bado vinakufaa, kipande cha kurefushia chenye kulabu zake kinaongeza sentimita chache na kukuvusha mpaka kujifungua.

Baada ya wiki ya sita au ya nane, pima upya na ununue zile za kudumu. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Ni muda mrefu wa kuvaa kitu kisichokukaa.

Kupima

Futi ya fundi cherehani inatosha. Simama wima, bila sidiria au ukiwa na ile laini. Pitisha futi chini ya matiti, ikae sambamba na sakafu mgongoni pia, ikaze kiasi cha kugusa ngozi pande zote, toa pumzi, soma. Tuseme imetoka sentimita 78. Kisha pitisha futi juu ya chuchu, bila kukaza hata kidogo. Kwa matiti mazito, inama mpaka kiwiliwili kiwe kama meza, ndipo upime. Ukiwa umesimama nyama ya chini hukunjika na futi hudanganya. Tuseme imetoka sentimita 97.

Namba ya kwanza isogeze kwenye jirani yake inayogawanyika kwa tano: 78 inakuwa 80. Tofauti ya vipimo vyenyewe, 97 kutoa 78, ni 19. Kwenye mfumo wa Ulaya herufi hupanda kila sentimita 2: 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D, 20 hadi 22 ni E. Kwa hiyo huyu mama aanze na 80D. Mfumo wa Uingereza na Marekani huandika mkanda kwa inchi, na 80 ya Ulaya huko ni 36. Ya Ufaransa ni 95. Hapo wengi hupotea. Na herufi nazo haziendi pamoja: baada ya D, Ulaya huenda E, Uingereza huenda DD kwanza. E ya lebo moja si E ya lebo nyingine.

Namba hizo ni mahali pa kuanzia tu. Kama 80D inakaba mbavu lakini kikombe ni sawa, usikimbilie 85D, kwa kuwa herufi ni ya uwiano na D ya 85 ni kubwa kuliko D ya 80, jaribu 85C. Kama mkanda ni mlegevu, jaribu 75E. Kati ya titi mbili zisizolingana, jambo la kawaida kabisa kwa anayenyonyesha, vika lile kubwa. Dogo litaongezewa pedi.

Pima titi likiwa limejaa nusu, takribani saa moja au mbili baada ya kunyonyesha. Ukilipima tupu utabanwa, ukilipima limefura utaelea.

Mbele ya kioo

Sidiria ikishavaliwa, inama mbele, ingiza mkono ndani ya kikombe na uichote nyama yote ya upande wa kwapa uilete mbele. Simama. Wengi wakifanya hivyo hugundua kikombe walichodhani kinawatosha ni kidogo, maana nusu ya titi ilikuwa imeachwa nje ubavuni.

Sasa geuka ubavu. Mkanda wa mgongoni uwe kwenye usawa ule ule wa mbele, au chini kidogo. Ukipanda kuelekea mabega, ni mlegevu, na hapo ndipo kosa linapozaa kosa: mama huona titi linashuka, anakaza mikanda ya mabegani, nayo inauvuta mkanda wa nyuma juu zaidi, mbele inashuka tena. Jioni mabega yana mifereji, na dawa ilikuwa mkanda mdogo zaidi. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kulazimisha. Kwenye bega kiingie kidole kimoja. Inua mikono yote miwili juu, ishushe: kama sidiria imepanda na kuacha titi likichungulia chini, irudishe dukani. Keti pia, kwa kuwa utanyonyesha ukiwa umeketi, na mbavu na tumbo hutanuka mtu akikaa.

Kikombe kikiwa na makunyanzi, kikubwa. Titi likifanya tuta kwenye ukingo wa juu, kidogo, na kwa mama anayenyonyesha tuta hilo halipuuzwi hata likiwa dogo.

Waya? Wiki za mwanzo, hapana, na kulala nayo hapana wakati wote. Saizi ikishatulia, waya si dhambi ikiwa umekalia mfupa. Bonyeza ncha ya waya upande wa kwapa: ukihisi ubavu mgumu chini yake, uko mahali pake, ukihisi ulaini, umekaa juu ya titi, na sidiria hiyo si yako.

Mlango wa titi

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Kila mara mama ana mkono mmoja tu, mwingine umebeba mtoto anayelia. Kibanio kifunguke kwa mkono mmoja na, jambo ambalo watu husahau kulijaribu dukani, kifungwe kwa mkono huo huo bila kutazama. Jaribu kwa mkono wa kushoto na wa kulia. Vibanio vidogo sana vya plastiki vinavyoteleza vitakufanya uache kikombe wazi chini ya nguo, na titi lisiloshikwa huku jirani yake limeshikwa si raha.

Lakini angalia zaidi kinachobaki kikombe kikishashuka. Sidiria nyingi zina kitambaa cha ndani kinachobaki kimelizunguka titi, kikiwa na tundu katikati. Tundu likiwa dogo, ukingo wake unalikaza titi pande zote wakati ule ule maziwa yanapotakiwa kutoka, na pua na kidevu cha mtoto vinagonga kitambaa. Mtoto anashika chuchu peke yake badala ya kujaza mdomo kwa ule weusi unaoizunguka, na chuchu zinachanika. Mama anafundishwa upya namna ya kumweka mtoto, kumbe shida ni kitambaa. Tundu liwe kubwa kiasi cha titi kutoka lote, au karibu lote, bila kukunjwa. Aina nzuri zaidi kwa matiti makubwa ni ile ambayo kinachobaki ni ukanda mmoja tu, kutoka begani kwenda kwenye mkanda wa chini: titi liko huru, na mkanda wa bega haudondoki mgongoni.

Za kupishana kifuani, zinazovutwa pembeni, ni nzuri kwa usiku na kwa wiki za kwanza. Kwa titi zito mchana hazishiki vya kutosha, na kitambaa kilichovutwa hujikusanya chini ya titi kama kamba. Za zipu mbele huondoa mshiko wote ukifungua, matiti yote mawili yanaachiwa pamoja. Za kukamulia, zenye mpasuo wa kupitishia kikombe cha pampu, zina kazi moja. Lazima zikaze ili pampu isidondoke, kwa hiyo zivuliwe ukimaliza kukamua.

Kama una sidiria ya kawaida inayokukaa vizuri, laini, isiyo na waya, fundi anaweza kuigeuza, na hata wewe mwenyewe kwa sindano na uzi. Unahitaji jozi ya vibanio vya kunyonyeshea na ukanda wa pamba usionyumbulika, upana kama sentimita 1. Vaa sidiria, weka alama mkanda wa bega unapokutana na kikombe. Ukiwa bado umeivaa, pima kutoka alama hiyo, kupita upande wa ndani wa titi, karibu na mfupa wa kidari, hadi mkanda wa chini. Ongeza sentimita 2 za kukunja. Vua, kata mkanda wa bega kwenye alama. Sehemu ya ndoano ya kibanio ishonwe mwisho wa mkanda wa bega, ile ya kuning'inizwa ishonwe kwenye ncha ya kikombe. Kisha shona ukanda wa pamba: juu, nyuma ya ndoano, chini, kwenye mkanda wa kifuani. Shona mara mbili kila mwisho, kwa kuwa hapo ndipo panapobeba uzito kikombe kikifunguliwa. Ukanda ukiwa mfupi, kikombe kitavutwa juu na titi kubanwa. Ukiwa mrefu, bega litaporomoka kila ukifungua. Ndiyo sababu ya kuupima ukiwa umevaa.

Unyevu, pedi na kufua

Titi huvuja, hasa miezi ya mwanzo: mtoto ananyonya moja, jingine linachuruzika. Pedi ya pamba ya kufua au ya kutupa zote zinafaa mradi zibadilishwe zikilowa, si zikijaa. Zenye plastiki nyuma huficha unyevu, nao ukikaa hulainisha ngozi ya chuchu mpaka ipasuke na kukaribisha fangasi. Pedi ina unene. Sidiria ijaribiwe ikiwa na pedi ndani. Kitambaa cha ndani kinachogusa chuchu kiwe pamba au kitambaa laini kinachopitisha hewa, kisicho na mshono katikati. Lesi ikae nje.

Bonge likijitokeza, hatua ya kwanza ni kuvua kinachobana na kuvaa laini inayobeba. Weka kitambaa cha baridi, endelea kunyonyesha kama kawaida, na usilikande kwa nguvu, kukanda sana huongeza uvimbe. Lisipopungua ndani ya siku moja, au ukipata homa, mwone mhudumu wa afya. Hapo si suala la sidiria tena.

Tatu ndicho kiwango cha chini: moja mwilini, moja kwenye maji, moja kavu. Fua kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Blichi na maji ya moto huua lastiki. Kilainishi cha nguo huipaka pamba utando na kuifanya isinyonye maziwa. Mafuta ya kupaka chuchu nayo hupenya kwenye lastiki, hivyo paka kidogo, pedi ikae katikati. Usiikamue kwa kuisokota. Ikunje ndani ya taulo, ibonyeze, kisha ianike kwa kiungo cha katikati ya vikombe. Ukiianika kwa mikanda ya mabegani, uzito wa maji utairefusha.

Kila baada ya wiki chache ushike mkanda kwa mikono miwili, uuvute, uuachie. Ukirudi mara moja, bado uko kazini. Ukirudi taratibu, hamia safu ya ndani ya kulabu. Zikiisha safu, na mkanda bado unapanda mgongoni, sidiria hiyo ihamishie usiku, ishike pedi tu, na utafute nyingine ya mchana.